Kwale wa Dumyati

Mgonjwa haulizwi uji, wasemavyo wahenga, lakini wahenga hawakumuuguza Fundi Mitwalli. Yeye aliulizwa, akajibu, akakataa, kisha akalalamika kwamba hakuulizwa vizuri. Alikuwa amelala chali katika chumba cha ghorofa ya mwisho, mtaa wa Imbaba, paja la kulia limetiwa chuma ndani na kufungwa bandeji nje, na mkewe Awatif amesimama kando ya kitanda na bakuli la mchuzi wa viazi.

"Viazi tena," alisema Mitwalli.

"Viazi tena."

"Nimevunjika mguu, Awatif, sijafungwa jela."

"Jela wanapata nyama mara moja kwa wiki. Fungua mdomo."

Alifungua, akala vijiko viwili, akaufunga. Aliyataka mwenyewe, hilo Awatif hakuchoka kumkumbusha. Jioni moja njiwa jike mkaidi alikataa kuingia bandani, na badala ya kumwachia Mungu, mzee mzima akapanda mnara wa mbao alioujenga juu ya paa kwa mikono yake mwenyewe, kipandio kikakatika. Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Yeye alishukia pipa la maji.

Hospitalini daktari kijana alizungumza na Awatif kana kwamba mgonjwa hayupo. "Mama, akiukanyaga mguu huu kabla sijasema, chuma kitapinda, na atachechemea mpaka kaburini. Alale. Na ale vizuri. Mwili huu umekonda mno, na mfupa haujengwi kwa hewa."

Kulala ni rahisi kumwambia mtu mwingine. Mitwalli alikuwa fundi wa makochi, mikono yake haikuwahi kukaa bure tangu utotoni. Mtaani walisema ana mapenzi mawili tu duniani, njiwa na makochi, na makochi ni ya pili. Awatif alikuwa wa ngapi, hakuna aliyethubutu kuuliza.

Wageni walikuja mpaka ngazi zikachoka. Kila mmoja alileta mfuko wa machungwa na ushauri wake wa dawa. Bi Ihsan wa ghorofa ya chini ndiye aliyekuwa na uhakika kuliko wote. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, kitanda kikalia, Mitwalli akauma meno.

"Supu ya njiwa, Mama Rabab," alimwambia Awatif. "Kaka yangu alivunjika nyonga, akapewa supu ya njiwa, mwaka ule ule akaoa mke wa pili."

"Bi Ihsan," Mitwalli alisema, "mimi wale ni wanangu. Baba hali watoto wake."

"Basi supu ya kwato za ng'ombe."

"Kwato siku hizi unauziwa bei ya ng'ombe mwenyewe," alisema Awatif, na hapo mazungumzo yakahamia kwenye bei za vitu, ambako hayakosi kufika.

Karakana ilikuwa imefungwa, na mteja mmoja akachoka kusubiri. Alikuwa mama mwenye mkoba mzuri, alipanda na mchukuzi wake kuja kuomba ufunguo, kwani makochi yake mawili yalikuwa mle ndani yamevuliwa vitambaa, sponji ziko nje. "Si kwamba sikuamini, fundi," alisema. "Ni kwamba binti yangu anaolewa." Alisema hayo macho yake yakiwa kwenye bakuli la haja lililokuwa uvunguni. Awatif alilisukuma ndani kwa kisigino. Mitwalli akatoa ufunguo chini ya mto, akamtakia bibi harusi heri, akageukia ukutani.

Siku ile hakula kabisa. Ya pili alikula kama kuku mgonjwa. Awatif alipomwogesha kwa taulo alizihisi mbavu zake moja moja chini ya mkono, na rangi yake ilikuwa ya unga uliolowa maji. Alimwambia maneno ya ukali, kwa sababu maneno mengine yangemtoa machozi. Aliogopa. Aliona mumewe anaondoka taratibu mbele ya macho yake, na si kwa sababu ya mguu.

Asubuhi alipanda juu ya paa kuwalisha njiwa, kazi aliyoichukia kuliko kuosha vyungu. Miaka thelathini aliosha mavi yao kwenye nguo alizoanika. Mitwalli aliwahi kutoka katikati ya harusi ya dada yake kwa sababu upepo umebadilika na ndege wako angani. Sasa walimzunguka miguuni, wamenona, kila mmoja na kifua chake, wanaguna na kudonoa mahindi, na chini yao mtu anakwisha kwa viazi.

Awatif alimtazama aliye karibu zaidi. Kisha akainama, akamkamata, akasema bismillahi.

*

"Nini hiki?" Mitwalli aliuliza.

"Kwale."

"Kwale?"

"Kaka yangu Galal kaleta kutoka Dumyati. Msimu umeanza kule pwani, wanawanasa kwa nyavu. Kasema ni zawadi ya mgonjwa. Utakula au nimpe Bi Ihsan?"

Alikula. Alikula nyama, akanywa mchuzi, akanyonya mifupa, akapangusa bakuli kwa mkate mpaka likang'aa. Kisha akajiegemeza kwenye mto na kutafakari.

"Kwale wa mwaka huu wakubwa."

"Ni upepo wa bahari," alisema Awatif, akaondoka na bakuli haraka.

Mchana ule Mitwalli alikoroma. Awatif alisimama mlangoni akisikiliza mkoromo ambao kwa miaka mingi alimwomba Mungu auondoe, naye akamshukuru Mungu kwa kuurudisha. Hata majuto aliyokuwa nayo yalilala kidogo.

Ikawa ndiyo kawaida. Kila wiki Galal wa Dumyati alileta kwale, ingawa Galal mwenyewe alikuwa hana habari. Mitwalli alipotaka kumpigia simu amshukuru, simu ya Galal ilikuwa mbovu. Alipotaka kumwandikia barua, Galal alikuwa amehama nyumba. Awatif alishangaa jinsi uongo unavyozaa. Ukiuacha mmoja chumbani usiku, asubuhi unakuta watatu.

Lakini mtu alikuwa anapona, na nyumba nzima ikapona naye. Kwanza alikaa. Kisha akaomba redio, akaanza kugombana nayo, na Awatif akajua damu imerudi. Akaomba sindano na mto mmoja wa kochi, akawa anashona kitandani, nyuzi zimejaa kwenye shuka, mke analalamika kwa furaha. Kinyozi alipanda akamnyoa, yakaonekana mashavu. Siku alipokwenda msalani kwa magongo mawili, Awatif nyuma yake amenyoosha mikono kama anayemfuata mtoto anayejifunza kutembea, walipiga vigelegele mpaka huko chini wakafikiri kuna posa. Lile bakuli la haja lilisuguliwa, likashushwa kwa Bi Ihsan, ambaye mkwewe alikuwa na zamu yake ya kuugua.

"Unaona?" Mitwalli alisema akiwa amekaa, amechana nywele, anakunywa chai nzito. "Watu na njiwa wao. Kwale, bibi. Kwale ndiye dawa."

"Naona, Baba Rabab."

*

Kilichoharibu mambo ni kwamba alipona vya kutosha kukaa dirishani.

Dirisha lilionyesha kipande cha anga juu ya kichochoro, kikubwa kama mkeka. Alasiri Awatif alipofungua banda juu, kundi liliruka, likazunguka, na kila mzunguko likapita kwenye kile kipande. Siku ya kwanza Mitwalli aliwaona akalia, wala hakujificha. Siku ya pili alipiga mbinja. Siku ya tatu alianza kuwataja kwa majina.

"Afande yuko wapi?"

"Analalia mayai."

"Afande ni dume, Awatif."

"Madume nao hulalia mchana. Uliniambia mwenyewe, mwaka wa kwanza tulipooana."

Mitwalli alimtazama kwa mshangao. Hakujua kama alisikilizwa mwaka ule. Akarudi dirishani.

"Na Mjane? Na yule mwenye soksi?"

"Wananyonyoka manyoya. Sasa nikuitie wote waje wakuamkie?"

Aliendelea kuhesabu kwa midomo. Baadaye macho yake yakavuka kichochoro, yakatua juu ya paa la pili, kwenye mnara wa Shehata.

Huyu Shehata alikuwa mpiga pasi. Alikuwa na duka lake pale chini, na juu alikuwa na njiwa. Zamani alikuwa rafiki. Ila wafuga njiwa wana sheria yao: ndege wako akifuata kundi la mwenzako akatua kwake, ni wake. Anaweza kukurudishia kwa hisani, anaweza kukuuzia, anaweza kukucheka. Shehata aliwahi kumcheka Mitwalli kwa ndege mmoja, mwaka sijui gani, na tangu hapo walisalimiana kwa nyusi tu.

"Mtu kaona nimelala," Mitwalli alisema polepole. "Kaona hakuna wa kuwapungia ndege kitambaa warudi. Anawavuta."

"Usimsingizie mtu, Baba Rabab."

"Nani mwingine? Wameyeyuka?"

Akalisukuma dirisha, akatoa kichwa. "Shehata! Wewe mwizi wa wagonjwa!"

Kichochoro kizima kiliinua macho. Shehata alijitokeza kwenye ukingo wa paa lake na bakuli la maji mkononi. "Fundi, pole na mguu. Wallahi sijamshika ndege wako hata mmoja."

"Kiapo cha mfuga njiwa hata kadhi hakipokei!"

"Na wewe unafuga nini, mbuni?"

Watu wakaangua kicheko. Awatif alikuwa jikoni, ameshika ukingo wa sinki kwa mikono miwili.

Kuanzia hapo ikawa kila alasiri. Mitwalli anatukana, Shehata anaapa, kichochoro kinakula mbegu za maboga na kutazama. Mwanzoni ilikuwa mchezo. Lakini Bi Ihsan alileta habari kwamba dukani kwa Shehata vijana wanamuuliza kama mashati nayo huyavuta kutoka paa la jirani, na kwamba mwenyewe siku hizi anapiga pasi ameinamisha kichwa, hajibu. "Mtu mzima kuitwa mwizi si jambo dogo," alisema Bi Ihsan. "Na mwenyewe hana hata mke wa kumtuliza, maskini."

Awatif hakulala vizuri tena. Alitaka kusema. Kila asubuhi aliamka na neno liko mdomoni, na kila asubuhi alimwona mumewe amejaa mashavu, ana hamu ya chakula, anamuuliza, "Galal hajaleta kitu?" Akalimeza.

Siku moja alirudi kutoka sokoni akakuta kitanda kitupu.

Alimkuta kwenye ngazi za kwenda juu ya paa. Alikuwa amepanda vipandio vichache, ameshika chuma cha ukutani kwa mikono yote, gongo moja limeanguka chini, jasho linamtiririka mpaka kidevuni. Ule mguu ulikuwa unatetemeka hewani. Hakuweza kupanda wala kushuka.

"Nakwenda kuwahesabu," alisema.

"Shuka, Mitwalli." Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu binti yao Rabab azaliwe.

Alimshusha kwa kumbeba nusu mgongoni, kipandio kimoja baada ya kingine, wote wawili wanahema. Alipomlaza alimkagua mguu kwa vidole, akauliza kama unauma hapa, kama unauma pale.

"Utachechemea mpaka kaburini. Umesikia alivyosema daktari?"

"Bora nichechemee kuliko kulala huku naibiwa. Kesho nitapanda tena. Ukiwa nyumbani, usipokuwa nyumbani, nitapanda."

Na alikuwa mtu wa kufanya anachosema, hasa kikiwa cha kijinga.

*

Baada ya Maghribi mlango ukagongwa. Alikuwa Shehata, amevaa shati alilolipigia pasi mwenyewe, kola imesimama kama ya mwanajeshi. Alichechemea akiingia, kama alivyochechemea siku zote, na mkononi alikuwa na tundu lililofunikwa kitambaa. Awatif alimkaribisha, akakimbilia jikoni kuweka chai, kwa sababu miguu yake ilitaka mahali pa kwenda.

"Nimekuja kukujulia hali," alisema Shehata.

"Miezi yote hii," alisema Mitwalli.

"Nilikuwa naona haya. Halafu ukaanza kunitukana, ikawa rahisi zaidi kutokuja." Aliweka tundu kwenye kiti, akalifunua. Ndani yake mlikuwa na njiwa watatu, na mmoja alikuwa yule mweupe wa kichwa chekundu ambaye Imbaba nzima ilimjua. "Chukua."

Mitwalli alimkazia macho. "Huyo ni wako."

"Wote ni wangu. Wako sijawaona, fundi, na sitaapa tena, nimechoka kuapa. Lakini labda walitua wakati niko dukani, labda mtoto wa mtu kawauza sokoni Ijumaa, mimi sijui. Ninachojua ni kwamba nimesikia leo umepanda ngazi. Mtu asivunjike tena kwa ajili yangu. Chukua hawa, tulia, lala, upone. Basi."

Awatif alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Alimwona mwanamume aliyetukanwa mbele ya watu, amevaa shati safi, analipa deni ambalo si lake kwa kitu anachokipenda kuliko vyote, na aliyekula deni hilo yuko kitandani anavuta tundu karibu.

Aliweka sinia chini.

"Rudisha tundu, Baba Rabab. Hakuna aliyeibiwa."

"Unasemaje?"

"Njiwa wako hawakuibiwa. Waliliwa."

"Na paka?"

"Na wewe," alisema Awatif. "Kwa mkate."

Mitwalli alitazama tundu, akamtazama mkewe, kisha akautazama mguu wake chini ya shuka kama anayeuona mara ya kwanza.

"Kwale," alisema.

"Galal hajatia mguu Imbaba tangu Idi."

"Afande?"

"Alikuwa wa kwanza. Mjane wa pili. Yule mwenye soksi..." Akaacha kuwataja. "Ulikuwa unakwisha, Mitwalli. Nilikuogesha nikawa nahesabu mbavu. Ningefanyaje? Ningekuuliza, ungekataa, nami ningekuzika na njiwa wako wangekuja kwenye matanga kula mahindi. Nikuambie najuta? Kwa Shehata najuta, nimemwaibisha mtu wa watu. Kwako sijui. Nikikusikia unakoroma, sijuti."

Shehata alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Mabega yake yalitikisika. "Mama Rabab," alisema akijitahidi, "ndege wa kupika ni makinda. Wale ambao hawajaota manyoya. Ungechukua makinda hata sisi tusingejua. Wewe umemchemsha Afande? Yule bingwa?"

"Mimi ningejuaje? Wote wananya sawasawa."

Hapo Shehata hakuweza tena. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye zulia, akafuta machozi kwa ile kola yake nzuri. Mitwalli hakucheka. Aliwaomba wazime taa, akajifunika mpaka kichwani, ingawa ilikuwa ndiyo kwanza jioni.

*

Hakumtukana. Awatif angependelea atukanwe. Mitwalli alijibu ndiyo na hapana, akakataa kila kilichokuwa na mchuzi, akala mkate na jibini kwa macho yaliyofungwa, kana kwamba jibini nalo linaweza kuwa na jina. Dirishani hakukaa tena. Ila ilipofika alasiri ya kwanza baada ya ile jioni, alitoa kichwa nje na kusema kwa sauti ya kusikika kichochoro kizima: "Shehata, nimekukosea. Nisamehe. Hukuiba kitu." Kisha akafunga dirisha. Watu waliuliza ndege walikwenda wapi, na Shehata aliyekuwa chini akipiga pasi akajibu kwamba walihamia Dumyati. Zaidi ya hapo hakutoa neno.

Siku ya kurudi hospitali, wanaume wa jengo walimshusha kwa kiti, Shehata akiwa mmoja wa wabebaji. Daktari kijana aliinua ile picha ya mfupa kwenye mwanga, akaitazama, akamwita mwenzake naye aitazame.

"Umeunga vizuri kuliko nilivyotumaini. Mlimlisha nini?"

Awatif alitazama sakafu. Mlangoni Shehata alikohoa.

"Chakula cha nyumbani," alisema Mitwalli.

"Basi endeleeni hivyo hivyo. Na aanze kukanyaga, kidogo kidogo. Mama, huyu atatembea."

Awatif alishika ukuta wa hospitali kwa kiganja. Alikuwa amejiandaa kwa kila neno isipokuwa hilo, akatoka nje ya chumba akalia vizuri, kwa raha yake, kisha akanawa uso.

Wakati wa kupanda kurudi, wabebaji walikitua kiti ghorofa ya tatu wapumzike. Awatif alikuwa nyuma na magongo, na wale wawili hawakumwona kwenye kona.

"Unajua mimi nilivyovunjika?" Shehata aliuliza huku anahema.

"Ulianguka na pikipiki."

"Nikalala miezi. Mke wangu, Mungu amrehemu, akanipa dengu. Asubuhi dengu, jioni dengu. Na juu ya paa nilikuwa na njiwa tele, wamenona hivi. Hakuthubutu kumgusa hata mmoja. Alikuwa ananiogopa." Alijipiga paja. "Ndiyo huku kuchechemea unakokuona."

Wakainua kiti.

*

Ijumaa asubuhi Awatif alikuwa anakunja nguo aliposikia anaitwa kwa jina. Mitwalli alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, miguu yote miwili inagusa sakafu.

"Juu kuna dume mwenye kola nyeusi," alisema. "Kazeeka. Jike lake lilikufa wakati wa baridi, hapandi wala haruki kwa moyo. Huyo."

"Huyo nini?"

"Daktari kasema tuendelee hivyo hivyo."

"Mitwalli, una hakika?"

"Usiniulize mara mbili, Awatif, tafadhali. Na leo sahani mbili. Nililiuliza tumbo langu: je, Awatif alikula hata paja moja la hao kwale? Nikakumbuka ulikuwa unakula viazi."

Alibandika sufuria ya maji, akatia kitunguu na iliki, akachukua kisu, akapanda. Kola Nyeusi hakukimbia. Kwa wiki zote hizi ndiye aliyekuwa wa kwanza kumjia, akidonoa punje moja kwa moja kwenye kiganja chake, na Awatif alikuwa amezoea kumsubiri amalize ndipo awamwagie wengine. Alimshika mbawa kwa mkono mmoja. Kifua kilikuwa na joto na moyo ulipiga mbio chini ya kidole gumba. Akageuza kichwa, akamtazama Awatif kwa jicho moja la rangi ya machungwa, kwa utulivu, kama anayengoja kuambiwa jambo.

Alisema bismillahi, na mkono haukwenda. Akasema tena. Mwanamke aliyechinja nusu ya kundi la mumewe bila kupepesa macho alisimama juu ya paa asubuhi ya Ijumaa, kisu mkononi, akijiita mpumbavu kwa majina yote aliyoyajua. Kisha akafungua vidole. Akateremka, akakiosha kisu kisichokuwa na kitu, akakoroga maji.

"Umemchinja?" sauti ilitoka chumbani.

"Nimemchinja."

Akaendelea kukoroga.

"Basi kafufuka. Kapita dirishani sasa hivi."

Awatif aliziba mdomo kwa kitambaa cha kichwani, lakini kicheko kilipita pembeni. Akasikia kitanda kinalia, kisha gongo, kisha hatua, gongo, hatua, polepole, na kati ya moja na nyingine pumzi ndefu. Hakwenda kumsaidia. Alishika mwiko kwa nguvu na kungoja. Mitwalli alitokea kwenye mlango wa jikoni, mahali ambapo hakuwa amesimama tangu kuanguka, gongo moja tu kwapani, mkono mwingine ukutani. Alifunua sufuria, akachungulia.

"Kitunguu," alisema.

"Na iliki."

"Umeshindwa?"

"Nilimshika, akaniangalia." Macho yalimjaa. "Mitwalli, akaniangalia tu."

"Ndivyo wanavyoangalia," alisema mumewe. "Sasa umejua kwa nini nilipanda mnara."

Alivuta kigoda kwa ncha ya gongo, akakaa pale pale katikati ya jikoni, akiziba njia kama zamani, akaomba apewe mchele auchague mawe. Awatif alimwekea sinia mapajani, kwa uangalifu, lote juu ya paja la kushoto, lile lisilovunjika. Mitwalli akalisogeza likakaa juu ya mapaja yote mawili.